Usimamizi wa usanidi katika miradi ya teknolojia ya usafiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu umeandikiwa mafundi wa kaunti, viongozi wa sacco, wahandisi wa barabara na vijana wanaounda programu za usafiri, kuanzia Nakuru hadi Busia. Maswali yaliyomo hurudi kila mara inapozungumziwa mifumo ya taa za trafiki, vifaa vya kufuatilia magari, mizani za barabarani, kamera na malipo ya nauli kwa simu. Majibu yake mengi yana shina moja: mwenye mfumo ni yule anayejua, kwa maandishi na kwa uhakika, ni nini kilichomo ndani yake leo.

Usimamizi wa usanidi ni nini hasa?

Ni kazi ya kujua mfumo umeundwa na vitu gani, kila kitu kimepangwaje, nani aliruhusu kipangwe hivyo, kisha kuhakikisha kwamba maandishi na kilichoko barabarani havipishani. Wataalamu huigawa kazi hii katika sehemu tano: kupanga, kutambua vipengele, kudhibiti mabadiliko, kutunza kumbukumbu za hali, na kukagua. Kupanga na kutambua humalizika kwa wiki chache. Kudhibiti mabadiliko na kukagua hakuishi maadamu mfumo uko kazini, na ndiko miradi mingi inakochoka.

Mradi wetu ni mdogo. Kweli tunahitaji mambo haya?

Mnayahitaji, ila kwa kipimo chenu. Sacco yenye matatu thelathini za Kisumu kwenda Busia haihitaji kamati ya watu kumi wala kitabu cha kurasa mia mbili. Inahitaji jedwali moja, mtu mmoja anayelitunza, na sheria moja: hakuna anayegusa mipangilio kabla ya kuandika.

Tazameni kifaa kimoja cha kufuatilia gari. Kina programu dhibiti, yaani programu ya ndani inayokiendesha, yenye nambari ya toleo, laini ya simu, anwani ya seva kinakotuma taarifa, muda kati ya ujumbe mmoja na mwingine, na kikomo cha mwendo kinachofanya kengele ilie. Kikomo hicho hakichaguliwi ovyo. Kanuni za mwaka 2003, zile ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki, ziliyataka magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Sasa gari moja linaingia gereji, kifaa kinaharibika, fundi anaweka kingine alichokuwa nacho dukani. Kimewekewa kikomo cha 100 na hutuma taarifa kila dakika tano badala ya kila sekunde thelathini. Kuanzia jioni ile mna aina mbili za magari na hakuna anayejua. Mambo yakiendelea hivyo mwaka mzima, meneja atasema mfumo haufanyi kazi, kumbe hakuna tena mfumo mmoja wa kusemwa.

Ni vitu gani viingie kwenye sajili?

Tumieni swali hili kama kichujio: kitu hiki kikibadilika bila mtu kujua, je, kuna atakayeumia, fedha zitakazopotea, au ushahidi utakaoharibika? Jibu likiwa ndiyo, kiingie.

Kwa makutano yenye taa, kidhibiti chenyewe kinaingia pamoja na nambari yake na toleo la programu dhibiti. Inaingia pia mipango ya muda, yaani sekunde za kijani, njano na nyekundu kwa kila upande na kwa kila kipindi cha siku, na jedwali la pande zisizoruhusiwa kupata kijani kwa pamoja. Mchoro wa nyaya unaingia, vihisi vya magari, kalenda ya sikukuu, ruta, laini ya simu na betri ya akiba. Watu husahau betri. Umeme ukipotea usiku kucha na betri iwe imekufa, baadhi ya vifaa huamka na mipangilio ya kiwandani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sajili nyingi hazina, nalo ni sababu. Chukueni barabara yenye upana wa mita 14 karibu na soko kubwa kama Kibuye. Mwendo unaotumiwa sana katika kupanga muda wa watembea kwa miguu ni mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo mtu anahitaji karibu sekunde 12 kuvuka. Siku ya msongamano afisa analalamika kwamba magari yanangoja sana, na fundi anapunguza muda hadi sekunde 8 ili kumridhisha. Ikiwa sajili imeandika "12" peke yake, nambari hiyo inaonekana kama upendeleo wa mtu. Ikiwa imeandika "12, kwa sababu barabara ni mita 14 na wavukaji wengi ni wachuuzi wenye mizigo na wazee", fundi yule ana cha kumwonyesha afisa. Mama mwenye kikapu cha omena kichwani hatakuwepo kwenye kikao cha kujitetea. Sajili inamsemea.

Data nayo ni usanidi. Orodha ya steji, majina ya njia, nauli na ratiba zinazoonyeshwa kwenye simu ya abiria zinastahili nambari ya toleo na tarehe ya kuanza kutumika, sawa na programu. Steji zikihamishwa kupisha ujenzi, orodha ya zamani humpeleka mgeni kwenye uwanja mtupu.

"Toleo la msingi" ni nini, na tuliweke lini?

Ni picha kamili ya mfumo katika hatua fulani, iliyoidhinishwa, ambayo haibadilishwi tena bila utaratibu. Miradi mikubwa huwa na kadhaa: ya mahitaji, ya usanifu, na ya mfumo uliokamilika. Mradi wa kaunti unaweza kuanza na mbili, kilichoagizwa na kilichowekwa. Ya pili ichukuliwe siku ya makabidhiano, kabla ya hotuba na picha za wageni, kwa kufungua kila kisanduku, kupakua mipangilio na kupiga picha nyaya zilivyo. Michoro ya zabuni haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu fundi aliyekuta bomba la maji mahali palipochorwa waya alipitisha waya kwingine.

Nani aidhinishe mabadiliko? Tunaogopa kamati itatuchelewesha.

Hofu hiyo ina msingi. Kamati inayokutana mara moja kwa miezi mitatu huwafundisha mafundi kuikwepa. Iwe ndogo, ya watu watatu hadi watano: mhandisi wa trafiki, mwenye kujua mitandao na seva, anayeendesha mfumo kila siku, na mtu anayewasemea watumiaji, kwa mfano mwakilishi wa sacco au wa bodaboda. Huyu wa mwisho hupuuzwa, na ndiye atakayesema kwamba badiliko mnalotaka kulifanya siku ya Ijumaa litaangukia siku ya gulio.

Yagawanyeni mabadiliko kwa uzito. Kubadilisha taa iliyoungua kwa nyingine ya aina ileile kumeshaidhinishwa tangu mwanzo, fundi anaandika tu kwamba amefanya. Kubadilisha mpango wa muda, toleo la programu au anwani ya seva kunapita kwenye kamati, hata kama ni kwa simu ya nusu saa. Ombi liseme ni nini kinabadilishwa, wapi, kwa nini, nini kingine kinaguswa, nani atajaribu, na tutarudije nyuma mambo yakienda kombo. Kipengele hiki cha kurudi nyuma kikikosekana, ombi lirudishwe. Nakala ya mipangilio ya jana iwe mkononi mwa fundi kabla hajabonyeza chochote.

Radi imepiga kidhibiti usiku wa manane. Tusubiri kikao?

La. Ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo na radi nyingi mno, kwa hiyo kwetu dharura ya namna hii ni jambo la kutarajiwa, na mpango wake uandikwe mapema. Fundi wa zamu apewe mamlaka ya kurudisha huduma kwa kutumia kifaa cha akiba kilichokwisha kuwekewa toleo la msingi la makutano hayo, wala si kifaa chochote kilichopo stoo. Asipokuwa nacho, aache taa zikimetameta au zizimwe, polisi waongoze magari hadi asubuhi. Makutano yasiyo na taa ni hatari inayoonekana na kila dereva. Makutano yenye taa zenye mipangilio ya mahali pengine ni hatari ambayo madereva wanaiamini.

Maandishi ya dharura yafuate ndani ya saa 24, na kamati iyapitie hata kama kazi imeshafanyika. Dharura zikizidi, hiyo ni taarifa kwenu: ama vifaa vya akiba havitoshi, ama kuna watu waliogundua kwamba neno "dharura" hufungua kila mlango.

Tuna kundi la WhatsApp ambapo kila kitu huandikwa. Halitoshi?

Kundi hilo ni zuri kwa kuitana na kwa picha za haraka. Kama sajili, halifai. Ujumbe wa "nimebadilisha pale roundabout, sasa iko sawa" unaeleweka jioni ileile na watu walewale tu. Baada ya muda hakuna anayekumbuka ni kisanduku kipi, kutoka nini hadi nini. Mwenye simu akiacha kazi, kumbukumbu zinaondoka naye. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mipangilio ni mali kama gari lenyewe. Kubalianeni hivi: kundi liendelee, ila kila ujumbe wa badiliko utaje nambari ya ombi iliyoko kwenye sajili.

Tutajuaje kwamba sajili inasema kweli?

Kwa kwenda kutazama. Hakuna njia nyingine, na mifano miwili ya reli za Uingereza inaeleza kwa nini.

Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na Clapham Junction jijini London, treni ziligongana na watu 35 wakafa. Katika kazi ya kuweka nyaya mpya za taa za ishara za reli, waya mmoja wa zamani uliachwa bila kukatwa wala kufungwa vizuri. Baadaye uligusa mahali pake pa zamani, ukapitisha umeme, na taa ikaendelea kuonyesha njia ni salama ilhali kulikuwa na treni mbele. Hesabu huru ya nyaya, kazi ya mtu wa pili mwenye mchoro mkononi, haikufanyika. Uchunguzi ulibaini pia kwamba fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Mtu huyo hakuwa mzembe. Alichoshwa na utaratibu ambao haukuwa na jicho la pili.

Mfano wa pili haukuua mtu, lakini unatuhusu zaidi sisi wa enzi za kompyuta. Jioni ya tarehe 19 Oktoba 2017, kwenye njia ya reli ya Cambrian huko Wales, kompyuta ya ishara za reli ilijiwasha upya na vikomo vya muda vya mwendo havikurudishwa ndani yake. Kwenye skrini ya waongozaji, hata hivyo, vikomo hivyo vilionekana kana kwamba vipo. Asubuhi iliyofuata treni moja ilipita kwenye kivuko cha barabara kwa kilomita 80 kwa saa mahali palipowekewa kikomo cha 30. Dereva mmoja ndiye aliyeona kwamba kikomo alichokizoea hakimo kwenye skrini yake ndani ya treni, akatoa taarifa.

Kwa hiyo ukaguzi wenu usiishie ofisini. Chagueni visanduku vichache kila robo mwaka, bila kutangaza, na mtu ambaye hakuviweka alinganishe mipangilio iliyomo na sajili, mstari kwa mstari. Baada ya kila umeme kukatika kwa muda mrefu, someni mipangilio kutoka kwenye kifaa chenyewe. Na dereva au makanga akisema "siku hizi hii kitu inasoma vibaya", lisikilizeni neno lake kama ripoti ya ukaguzi. Yeye huona mfumo ukifanya kazi saa nyingi kuliko mhandisi yeyote.

Mkandarasi anasema usanidi ni siri yake ya biashara. Ana haki?

Programu aliyoiandika inaweza kuwa yake, kulingana na mkataba. Mipangilio ya makutano yenu, nenosiri la vifaa mlivyovilipia, michoro ya nyaya zilizozikwa chini ya barabara ya umma na data ya magari yenu ni jambo lingine kabisa. Kaunti au sacco isiyo navyo imenunua chuma na kuikodi akili yake. Mkataba ukiisha, mzabuni mpya ataomba kung'oa kila kitu na kuanza upya, na mlipa kodi atalipia taa zilezile mara ya pili.

Mlango wa kuzuia jambo hili ni zabuni, kabla ya kutia sahihi. Andikeni kwamba sajili kamili, nakala za mipangilio katika umbo linaloweza kufunguliwa bila programu ya mkandarasi, nenosiri zote na michoro ya kilichojengwa ni sehemu ya kazi inayokabidhiwa, na sehemu ya malipo ibaki hadi fundi wenu, si wao, arejeshe kidhibiti kimoja kutoka hali tupu kwa kutumia nyaraka hizo peke yake. Jaribio hilo la nusu siku lina thamani kuliko cheti chochote. Mkandarasi mwema halikatai, kwa sababu humpunguzia simu za usiku kwa miaka ijayo.

Kwa nini saa na tarehe huleta matatizo mengi hivyo?

Kwanza, vifaa vingi vya GPS huhifadhi muda kwa saa za dunia, nasi Kenya tuko saa tatu mbele. Kifaa kisiporekebishwa huonyesha matatu iliyoondoka Nakuru 06:00 kana kwamba iliondoka 03:00, na mzozo wa zamu unaanza. Pili, sisi husema saa moja asubuhi, kidhibiti husoma 07:00. Fundi akiandikiwa kwa mkono "mpango wa msongamano uanze saa 1" anaweza kuingiza 01:00, na barabara ikapata muda wa msongamano usiku wa manane. Kwenye sajili na kwenye maombi ya mabadiliko, andikeni saa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, bila kubagua.

Tatu, kalenda ya GPS yenyewe. Ishara yake ya asili huhesabu wiki kwa biti 10 (tarakimu kumi za sifuri au moja), yaani hadi wiki 1024, kisha hurudi sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na tena tarehe 6 Aprili 2019. Mara hii ya pili, mtandao usiotumia waya wa jiji la New York, ambao taa za trafiki ziliutegemea kwa mawasiliano, ulizimika kwa siku kadhaa kwa kuwa vifaa vyake havikuwa vimesasishwa. Mara ijayo ni Novemba 2038. Sajili yenye safu ya toleo la programu dhibiti hujibu kwa dakika moja ni vifaa vipi viko hatarini. Bila safu hiyo, mtu atapanda nguzo moja baada ya nyingine.

Sheria ikibadilika, tufanyeje?

Mizani za Gilgil au Webuye zinatoa mfano mzuri. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa jumla wa tani 56, na kila ekseli ina ukomo wake. Nambari hizo hukaa kwenye jedwali ndani ya programu ya mizani. Zikibadilika, jedwali jipya lipewe nambari ya toleo na saa kamili ya kuanza kutumika, liingizwe vituo vyote, na kila kituo kithibitishe. Lori lililopita salama kituo kimoja na kukamatwa kituo kinachofuata kwa jedwali la zamani litawapeleka mahakamani, na swali la kwanza la wakili litakuwa toleo gani lilikuwa likitumika dakika ile. Cheti cha kupima usahihi wa mizani kihifadhiwe pamoja na jedwali hilo.

Kuna viwango tunavyoweza kuvitaja kwenye zabuni?

Vipo. ISO 10007 ni mwongozo mfupi unaosomeka. EIA-649 ni wa kina zaidi na umetokana na fani ilivyokuzwa na Idara ya Ulinzi ya Marekani. Mamlaka ya barabara kuu ya nchi hiyo nayo ilitoa mwongozo wa usimamizi wa usanidi kwa vituo vya kuongoza trafiki mwaka 2003. Chukueni vichwa vya sehemu zake, acheni ukubwa wa taasisi zao.

Tutumie programu gani?

Lahajedwali lenye mtunzaji mmoja linatosha kuanzia. Faili za mipangilio na programu ziwekwe kwenye Git, ambayo ni ya bure na huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Nakala moja ikae nje ya jengo. Epukeni kununua mfumo mkubwa kabla ya kuzoea kuandika.

Nenosiri ziandikwe kwenye sajili?

Hapana. Sajili itaje ziko wapi na nani wawili wanaoweza kuzifikia. Zibadilishwe mtu anapoacha kazi, na nenosiri la kiwandani lisibaki kwenye kifaa chochote.

Tumerithi mfumo usio na kumbukumbu zozote. Tuanzie wapi?

Tangazeni kwanza kwamba kwa wiki mbili hakuna mipangilio itakayoguswa isipokuwa kwa dharura. Kisha watu wawili watembee makutano hadi makutano, au gari hadi gari, wakiwa na simu, kalamu ya wino usiofutika na kompyuta ndogo. Mmoja afungue na kusoma, mwingine aandike. Kila kifaa kipewe namba ya kubandikwa, kipigwe picha mlango ukiwa wazi, na mipangilio yake ipakuliwe jinsi ilivyo, pamoja na makosa yake. Msirekebishe kitu safari hiyo, hata mkiona kosa la wazi, isipokuwa kama linahatarisha maisha. Mtakuta vifaa ambavyo hakuna anayevitambua na nyaya zisizoeleweka zinakoelekea. Viandikeni kwa alama ya kuuliza, kisha mtafuteni fundi mzee aliyekuwepo wakati wa ujenzi, mumlipe siku zake, mumtembeze pale pale. Mnachokipata ndilo toleo lenu la msingi la kwanza. Ombi la kwanza la mabadiliko litokane na kosa kubwa zaidi mliloliona njiani.